Kitabu Alichokishona Bi Nasra

Enzi zetu, sisi tuliokulia Hamriya, kitabu cha Kiswahili hakikuwa cha mtu mmoja, kilikuwa cha mtaa mzima. Kiliingia Maskati ndani ya sanduku la mgeni aliyetoka Unguja au Mombasa, kimeviringwa kwenye kanga, kimelala baina ya karafuu na mdalasini, na kabla mgeni hajamaliza kuulizwa khabari za huko, kila nyumba imeshajua kuwa kitabu kimekuja. Watoto wa leo watasema tulikuwa na dhiki ya vitabu. Kweli tulikuwa nayo, sibishi. Lakini mimi mpaka leo nikisikia harufu ya karafuu hunijia hamu ya kusoma, na kitabu kisichonuka kitu nakiona kama hakijatiwa chumvi.

Nayasema haya kwa sababu ya mjukuu wangu, Shadha. Mtoto huyu anapenda kusoma, sina haki ya kumlaumu, ila usomaji wake ndio unaonishinda. Anasoma kwenye simu, kwa kidole gumba, huku anakula. Vingine hata havisomi, anavisikiliza kwa vidude vya masikioni huku anakaanga mayai, tena ameviongezea kasi, maskini msomaji anasoma mbiombio utadhani anafukuzwa na mbwa. Akimaliza, nikimuuliza kitabu kilikuwaje, ananijibu, "Nyota nne, Bibi." Nne za nini? "Nne tu." Na hiyo moja iliyobaki, kitabu kimekosa nini? Anainua mabega. Ingekuwa kwetu Hamriya, kwa jibu hilo angerudi kwao na kiu yake.

Maana kwetu palikuwa na sharti. Kila Alkhamisi baada ya Alasiri, siku hizo Alkhamisi na Ijumaa ndizo za mapumziko, wanawake wa mtaani wa kutoka Unguja walikusanyika sebuleni kwa mama yangu. Kitabu kilikuwa kimeshazunguka majumbani mwao wiki nzima, huyu anakimaliza leo, kesho anampelekea mwenzake, na Alkhamisi ndiyo siku ya kutoa rai. Mama alikaa na birika la kahawa ubavuni, na hakuna aliyemiminiwa finjani mpaka aseme kitabu amekionaje. Rai kabla ya kahawa, ndivyo walivyopaita pale. Na haikuwa rai ya kusema kizuri ukanyamaza. Mtu akithubutu kusema, "Mimi nimekiona kizuri," Mama alimjibu, "Kizuri ni pilau. Kitabu tuambie kimekufanya nini." Basi hapo mtu hujikuna, hurekebisha mtandio, hulitazama lile finjani tupu, mpaka rai itoke. Ikishatoka, Mama humiminia kidogo kwa mkono wa kulia, akaongeza na kuongeza, mpaka mnywaji atikise finjani kuonyesha ametosheka, kama ilivyo ada ya huku.

Sisi watoto mahali petu palikuwa ukumbini, nje ya mlango wa sebule, tunacheza mdako juu ya saruji iliyomwagiwa maji ipoe. Wavulana walikuwa uchochoroni na mpira wao, wakivunja taa za watu. Ndani kiyoyozi cha dirishani kinanguruma na kutiririsha maji kwenye ndoo, na kuimwaga ndoo ile ilikuwa kazi yangu, kwa hivyo nilikuwa na ruhusa ya kuingia na kutoka, na kila nikiingia nilichelewa kutoka. Palinuka ubani, palinuka visheti na mkate wa kumimina, palinuka kahawa ya hiliki. Skuli tulisoma Kiarabu asubuhi nzima, tukiimba beti kwa sauti moja mpaka mishipa ya shingo inatutoka. Nikirudi, Mama ananifundisha herufi za Kiswahili jikoni, kwa kidole, juu ya unga uliopo siniani kabla haujakandwa. Alikuwa akisema, "Usipozijua hizi utakuwa mgeni mbele ya kabati langu." Basi nikawa mtu wa kusoma kutoka kulia skuli na kutoka kushoto nyumbani, na wala haikunitaabisha. Mtoto hutaabishwa na kuoga tu.

Katika wale wanawake palikuwa na mmoja aliyekaa mbali na sinia, karibu na mlango, ubavuni mwa viatu. Ndiye Bi Nasra, mshoni wetu, nyumba yake ikitazamana na yetu. Nguo za arusi za Hamriya zilipita katika cherehani yake, na kofia alizotarizi kwa mkono wanaume walizivaa Idi kwa Idi, wakazirudisha kabatini. Kuran alihitimu angali mdogo, na Kiarabu alikisoma vizuri sana, lakini herufi za Kiswahili hakufundishwa. Kwa hivyo kitabu kilipofika zamu yake, Mama alinituma mimi nikamsomee. Nilikaa juu ya mto, yeye anatarizi, mimi nasoma. Sijapata kuona msikilizaji kama yule. Pahala pa kuchekesha sindano ilikwenda mbio, pahala pa huzuni ilikwenda polepole, na mimi nilijifunza kusoma vizuri kwa kuitazama sindano ile.

Watu walimpa Bi Nasra nguo zao awashonee, lakini kahawa nyumbani kwake hawakunywa. Sababu ilikuwa mlango. Mumewe alitangulia kuja Oman kutafuta kazi, akamwacha Unguja na binti mchanga, akaahidi kuwaita. Hakuwaita, wala hakuandika. Bi Nasra alikuja miaka mingi baadaye kwa juhudi za kaka yake, akamkuta mume ameoa zamani huko bara ya Oman na ana watoto. Akaenda kwa kadhi, akapata talaka yake, akakaa Hamriya na cherehani yake na binti yake. Kisha siku moja ya jua kali yule mwanamume akaja na sanduku mkononi, akabisha mlango, anataka warudiane. Bi Nasra hakufungua. Mtu alibisha mpaka ikaadhiniwa Adhuhuri, mtaa mzima unasikia, halafu akaondoka. Mwaka haukwisha tukasikia amefariki huko kwa mkewe. Basi mtaa ukashika neno moja: hata maji hakumpa. Yaliyotangulia waliyajua juujuu, lakini mlango waliusikia kwa masikio yao.

Mama ndiye aliyemvuta Bi Nasra kwenye Alkhamisi zetu, na wengine walimvumilia kwa heshima ya Mama. Hamriya nzima hakuwa na sebule nyingine ya kukaa. Mimi nilikuwa mdogo lakini hilo nilikuwa nalijua, na nilimwogopea sana. Siku atakayoudhika akanyanyuka pale mlangoni, hatakuwa na pa kwenda, atabaki na cherehani tu.

Ndipo kikaja kitabu kimoja ndani ya sanduku la mjomba wangu. Maskini kitabu chenyewe kilikuwa hoi. Jalada hakina, jina hakina, mchwa wamekila chini kote, gundi imeachia, na kurasa ziko mafungu mafungu, zimefungwa pamoja kwa uzi wa gunia. Mama akampa Bi Nasra akishone. Sindano haikuweza kupita unene wote, kwa hivyo alikigawa vijitabu vinne, akavishona kwa uzi wa kofia. Zile ncha za chini zilizoliwa akazikata, na namba za kurasa zikenda nazo. Kila kijitabu akakivisha jalada la kitambaa cha arusi kilichobakia, na juu yake akatarizi namba kwa Kiarabu, moja mpaka nne. Vilipendeza kuliko vitabu vya dukani. Mama akavifungia kabatini, anatoa kimoja tu kila wiki, asije mtu akachungulia mbele. Na kwa kuwa hakikuwa na jina, tukakiita Kitabu cha Bi Nasra.

Kijitabu cha kwanza nilimsomea Bi Nasra Jumapili, nimetoka skuli. Kuna mwanamke anaitwa Saada, mtu mzima, binti yake ameshaolewa. Jioni ya mvua anakuja mwanamume mwenye mvi na mzigo wake, anabisha mlango, anamwita Saada kwa jina. Saada yuko ndani anasikia. Anachambua mchele. Mvua inanyesha, mtu anabisha, na yeye anachambua mchele, mpaka sauti inakoma na kijitabu kinakwisha. Nilipoinua macho, sindano ya Bi Nasra ilikuwa imesimama. Akanambia, "Nenda nyumbani, mwanangu, mama yako asije akakutafuta."

Alkhamisi ile nilimwaga ndoo hata haijajaa. Wa kwanza kutoa rai alikuwa Bi Ghaniya, mke wa mwenye duka la vitambaa, mwanamke mwenye sauti na mwenye moyo pia, ila sauti ndiyo iliyotangulia. "Mimi huyu Saada simtaki," akasema. "Mtu yuko mvuani, ana mvi, anakwita jina lako, na wewe unachambua mchele? Wali wake uliwezaje kushuka kooni?" Wenzake wakaitikia. Kisha akaongeza, polepole, macho yake kwenye viatu vya mlangoni, "Na mimi nnamjua mmoja kama huyo."

Mama akasema, "Bi Ghaniya, hapa tunazungumza kitabu." Bi Ghaniya akajibu kwamba na yeye kitabu ndicho anachokizungumza, akapokea finjani lake. Zamu ikazunguka mpaka ikamfikia Bi Nasra. Nilidhani atanyanyuka. Hakunyanyuka. Alisema, "Rai yangu nnaiweka." Na sharti ni sharti, hata Mama hakuweza kulivunja mbele ya watu. Bi Nasra alikaa mpaka mwisho bila ya kahawa, akaaga kwa adabu, akenda zake. Usiku ule nilimsikia Mama akimwambia Baba kwamba anaogopa hatorudi.

Alirudi. Wiki ya pili sebule ilikuwa na mzozo mwingine kabisa, kwa sababu katika kijitabu cha pili yule binti wa Saada, aliyekuwa ameshaolewa, anatambaa. "Mtoto amerudi mdogo," Bi Ghaniya akasema. "Au mimi ndiye ninayezeeka?" Mama alifikiri sana, kisha uso ukamnawiri. Akasema mwandishi huyu si mtu wa mchezo, anahadithia kwa kurudi nyuma. Ametuonyesha mlango kwanza, sasa anatuonyesha njia iliyofika mlangoni. Wanawake wakastaajabu, wakamsifu mwandishi, wakamwombea dua kama yu hai na kama amekufa. Nakumbuka Bi Nasra alikuwa amefungua mdomo kama anayetaka kusema jambo. Lakini Bi Ghaniya alimtangulia. "Ngojeni kwanza," akasema. "Huyu mke anahangaika na mtoto mwenye homa, anauza bangili ya mamake. Kwani huyu mwanamume alikuwa wapi muda wote huo?" Bi Nasra alifunga mdomo wake, na zamu ilipomfikia akasema vilevile, rai yake anaiweka.

Tangu hapo kitabu kiliwatia wazimu. Bi Ghaniya aliunguza wali kwa ajili ya kijitabu cha tatu, na akautetea mbele ya mumewe, akasema lau naye angekisoma angeula bila ya kulalamika. Mwanamke mwengine aliota ndoto amempiga kibao mume wa Saada. Baba yangu, mtu wa watu, aliuliza kwa nini wiki hii chai inaletwa imepoa, na Mama akamwambia, "Waulizeni wanaume wenzenu wa vitabuni." Rai siku hizo zilikuwa zinatoka bila ya kusukumwa, watu wanakatizana, kahawa inapoa ndani ya birika. Na nilichokiona mimi na ndoo yangu ni kwamba macho hayaendi tena kwenye viatu vya mlangoni kwa namna ile. Yalikwenda, lakini yalirudi upesi na haya.

Kijitabu cha nne kilikuwa cha furaha tupu, na ndicho kilichowaliza. Saada ni msichana, anacheza, anachumbiwa na kijana anayempenda, anatiwa hina. Baada ya arusi kijana anasafiri kutafuta riziki. Saada anamsindikiza mpaka kizingitini, na maneno ya mwisho kabisa ya kitabu ni yeye anamwambia mumewe, "Mlango huu nitauwacha wazi mpaka urudi."

Alkhamisi hiyo Mama alisoma ukurasa ule kwa sauti, na alipomaliza hakuomba rai. Bi Ghaniya alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake machoni. Akasema, "Nami nikamwita hana moyo." Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alinyanyuka, na alikuwa mzito wa kunyanyuka, akalichukua birika mkononi mwa Mama, akapita baina ya magoti ya watu mpaka kule mlangoni, akachutama mbele ya Bi Nasra, akammiminia. Mtu mmoja akakumbusha kuwa Bi Nasra hajatoa rai. Bi Ghaniya hata hakugeuka. "Kunywa, shoga yangu," akasema. "Mie nishasema vya kutosha kwa niaba yetu sote." Bi Nasra akanywa, machozi yanaingia ndani ya finjani, na akatengenezewa nafasi karibu na sinia.

Wiki iliyofuata Bi Ghaniya alikwenda kunywa kahawa nyumbani kwa Bi Nasra, mchana kweupe, mtaa unamwona. Wengine wakafuata. Binti wa Bi Nasra alipoolewa na watu wa Sidab, Hamriya yote ilihamia kule na vyungu vyake. Na Bi Ghaniya alipofariki, miaka mingi baadaye, Bi Nasra ndiye aliyekata sanda yake. Alikataa kusaidiwa.

Mambo yakabadilika, kama mnavyojua wenzangu. Hamriya tukaihama nyumba moja baada ya moja, wengi wetu tukaja Sib, na katika kuhama vile vijitabu vikapotea, Mama naye akatangulia mbele ya haki. Mimi na wenzangu wa rika langu tuna baraza letu la vitabu siku hizi, kila mwezi nyumbani kwangu, na wasichana wachache wanakuja, akiwemo Shadha. Kila mara nikipata pa kusemea, niliwasifia yule mwandishi asiyejulikana. Nilisema hakuna aliyeandika kwa ujasiri ule, kuanza na mwisho na kumalizia na mwanzo. Niliwachosha, najua. Nilikuwa nikiona macho yao yanateleza kwenye simu.

Kumbe Shadha alikuwa anasikiliza. Bila ya kunambia aliandika huko kwenye mitandao yao, akaeleza kisa cha Saada na mlango na mchele, akauliza nani anakijua. Wiki mbili tu, msomaji mmoja wa Mombasa akamjibu kwamba anacho, kizima, cha marehemu baba yake, na akampa mtu anayekuja Maskati atuletee. Nilivyomcheka mtoto huyu na nyota zake, na yeye amenitafutia kitu nilichokitafuta nusu ya umri wangu. Nilimbusu utosini, akaona haya.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Saada ni msichana, anacheza. Nikadhani wachapaji wamekosea. Nikafungua mwisho, nikakuta mvua, mlango na mchele. Nilikaa na kitabu mapajani mpaka jambo likaniingia. Bi Nasra, mtu wa vitabu vya Kiarabu, alikilaza kile kitabu kisicho na jalada mgongo wake ukiwa kulia, kama alivyozoea. Fungu la mwisho likawa juu, akaliona ndilo la kwanza, akalipa namba moja. Ndani ya kila fungu kurasa zilikaa sawa, lakini mafungu yenyewe tuliyasoma kutoka nyuma kuja mbele, na Mama yangu, Mungu amrehemu, alimsifu mwandishi kwa kazi ya sindano.

Shadha alikisoma chote siku mbili. Nilimuuliza, nimejiandaa kusikia nyota. Akanambia, "Bibi, mimi sielewi nyinyi mlibishana nini. Tangu mwanzo unamwona anavyoonewa. Ukifika mlangoni unamshangilia. Nani angemlaumu?" Hiyo ilikuwa rai, na ningemmiminia kahawa hapohapo. Nikamjibu, "Sisi tulimlaumu. Tulifika mlangoni kwanza."

Ijumaa tukaenda Sidab, kwa binti yake Bi Nasra, anakokaa sasa. Amezeeka, macho yamekwenda, lakini vidole vyake bado vinapapasa upindo wa nguo ya kila anayekuja kumwamkia. Nilimshika mkono wa kulia, nikaubusu, akanijua kwa sauti. Tukakaa, nikamsomea. Nilianza pale mwandishi alipoanza, Saada na michezo yake, hina, kizingiti. Alicheka kidogo. Nilitaka kumweleza kwa upole, nikatafuta maneno, mwisho nikasema tu, "Bi Nasra, ulikishona kinyume."

"Nnajua," akasema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu uliponisomea cha pili, yule mtoto anatambaa. Nikasema, Nasra, umekosea, kazi ya watu umeiharibu. Nilikuja Alkhamisi ile kumwambia mama yako mbele ya wote. Nikafungua mdomo, nikamsikia Bi Ghaniya anauliza, kwani huyu mwanamume alikuwa wapi muda wote huo?" Vidole vyake vikapita kwenye upindo wa mtandio wangu. "Mimi, mwanangu, nilikaa Hamriya miaka yote ile na hakuna aliyeuliza hivyo. Waliuliza maji tu. Nikasema moyoni, waache wasome hivihivi."

Shadha alikuwa ameweka simu chini. Nilimtazama nikajifikiria sisi na wao. Wao kitabu kinawafikia kizima, na jalada lake, na jina, na namba za kurasa zote, na kila mmoja anakisoma chake peke yake na kukipa nyota zake. Siwaonei kijicho, tena kuna siku nawaonea fahari. Lakini nalikumbuka lile kabati la Mama na ufunguo wake, wiki nzima ya kungoja, na wanawake watu wazima wakilia katika sebule moja kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, mpaka wakamwona aliyekuwepo. Hilo sijui kama litarudi, na linaniuma.

Nikamwambia Bi Nasra, "Basi na ile rai yako uliyoiweka?"

"Bado nnayo," akasema. Akajiweka sawa kama aliyeitwa mbele ya watu. "Hiki cha leo kitamu. Lakini unaambiwa mapema mno nani mwenye haki, unastarehe. Kile changu kilikutaabisha. Unanuliza kilinifanya nini? Kilinitoa pale kwenye viatu."

Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Haya, nipeni kahawa yangu. Ile ya Bi Ghaniya nilipewa. Hii ni ya rai yangu."

Shadha ndiye aliyenyanyuka, sikumwambia. Alimimina kidogo, kwa mkono wa kulia, akamwekea finjani kiganjani na kumkunjia vidole. Bi Nasra akanywa, Shadha akammiminia tena, akanywa, akammiminia tena. Sote tulikuwa tunautazama mkono ule. Hakutikisa finjani.